Saa tatu ya usiku, saa nne ya asubuhi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Nataka kuwaeleza wasomaji, hasa wanaojiandaa kumpeleka mgonjwa nje ya nchi, juu ya usiku niliokesha na mama yangu katika uwanja wa ndege wa Muscat, Oman, na namna tulivyojikuta humo bila kutarajia. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga. Sijawahi kuandikia gazeti. Ila tangu turudi nimekuwa nikilisimulia jambo hili kwa wateja wanaokuja kupimwa nguo, na wawili kati yao wakaniambia nao yaliwakuta, mmoja akiwa na baba yake anayesumbuliwa na figo. Nikaona lisiishie kibandani.

Mama yangu ana miaka 71. Kwa zaidi ya miaka 30 alipika vibibi na mikate ya kumimina tangu alfajiri, amekaa juu ya kigoda, miguu kaikunja, jiko la mkaa mbele yake. Vibibi hivyo ndivyo vilivyotusomesha watoto sita. Magoti yakaisha. Mwisho akawa anaswali juu ya kiti, na akitaka kwenda chooni usiku lazima amwamshe mtu. Tulichangishana mwaka mzima, ndugu wa Dar, wa Mombasa na binamu yetu mmoja aliyeko Leicester, tukapata fedha za goti moja, la kulia. Tukachagua Chennai, India, kwa sababu mjukuu wake anasoma huko na ndiye aliyetutafutia hospitali na chumba cha kupanga. Mama akapata visa ya matibabu, mimi ya msindikizaji. Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi, na tulikaa wiki sita mpaka daktari akaridhika kwamba anaweza kupanda ndege.

Tiketi tuliikata hapa hapa Tanga, kwa wakala ambaye simtaji jina wala mtaa, maana sikuandika barua hii kumharibia mtu riziki. Ni kijana mpole. Alimletea mama kiti na maji ya kunywa. Nilimwambia wazi kwamba anayesafiri ni mtu mzima, anakwenda kupasuliwa goti, na wakati wa kurudi hatakuwa mtu wa kukimbia. Nikamuuliza, njiani tutangoja sana? Akaitazama kompyuta yake, akanijibu: "Kwenda mtangoja saa mbili tu. Kurudi, Muscat mnafika saa tatu, mnaondoka saa nne." Nikashukuru, nikahesabu fedha, nikalipa.

Saa tatu, saa nne. Mimi niliyenyonya Kiswahili na maziwa ya mama nikasikia muda wa saa moja.

Wiki zote sita za Chennai kilichokuwa kikinikosesha raha ni hiyo saa moja. Nilikuwa nikilala nawaza, mtu aliyebadilishwa goti atatokaje kwenye ndege hii akaiwahi ile kwa dakika 60? Nikamwambia mama mara kadhaa: tukishuka Muscat tusizubae, wewe shika magongo yako, mimi nitabeba kila kitu. Naye alikuwa akifanya mazoezi ya kutembea ukumbini hospitali huku akisema, "Hii ndiyo Muscat, niacheni nipite."

Mtu ataniuliza, karatasi ya tiketi hukuwa nayo? Nilikuwa nayo mkobani. Imeandikwa 21:05, na mstari wa chini 10:00. Kuzigeuza saa za namna hiyo ninajua: 21 ni saa tatu, 10 ni saa nne. Nilizigeuza sawasawa. Kilichonipita ni kwamba tarehe ya mstari wa chini ilikuwa imesogea siku moja, na tarehe hiyo ilikuwa pembeni, kwa herufi ndogo za mkato, na mimi nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwa mdomo na mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Ukishaambiwa na mjuzi, karatasi unaitazama tu kuhakikisha namba zimekaa. Zilikuwa zimekaa.

Siku ya kuondoka Chennai, mfanyakazi mmoja wa uwanjani alipoyaona magongo alituletea kiti cha magurudumu kwa wema wake, akamsukuma mama mpaka mlangoni mwa ndege. Nikadhani ndio utaratibu, kwamba kiti hicho kitatufuata popote tutakapotua.

Tulitua Muscat kwa wakati. Abiria wote wakashuka, tukabaki sisi na wahudumu. Mama akasimama kwa magongo, tukaanza safari ya ndani ya jengo. Jengo hilo la abiria lilifunguliwa Machi 2018. Ni kubwa, safi, sakafu inang'aa kama kioo, na ukubwa wake ni raha kwa mwenye miguu yake. Kwa mama kila nguzo ilikuwa kituo. Tulipofika kwenye ukaguzi wa wanaounganisha ndege mashine ikalia, kwa kuwa goti jipya ni la chuma. Nikatoa barua ya hospitali, askari wa kike akampitishia kile kifaa cha mkononi taratibu, kwa adabu kabisa, akaturuhusu. Nikatazama saa. Saa nne kasoro dakika 20. Jasho likanitoka mgongoni pamoja na kipupwe chote kile.

Kwenye ubao wa ndege Dar es Salaam haikuwepo. Niliusoma mara mbili juu mpaka chini. Nikamfuata mtu mwenye sare nikamwonyesha karatasi, naye akaisoma, akaweka kidole kwenye ile tarehe ya pembeni, akaniambia kwa Kiingereza cha pole kwamba ni kesho.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Anasema kesho."

"Saa nne si hii inaingia?"

"Saa nne ya asubuhi, mama."

Akanyamaza, akaegemea magongo. Kisha akasema, "Na yule wa Tanga alisema saa nne ya lini?"

Sikuwa na jibu. Katika saa 13 za kungoja, 12 zilikuwa bado mbele yetu.

Viti vya kungojea vina mikono ya chuma katikati, mtu hawezi kujinyoosha, na mguu uliopasuliwa unatakiwa uinuliwe. Nilichukua begi letu dogo nikalilaza juu ya kiti cha mbele, nikakunja sweta juu yake, nikaupandisha mguu hapo. Baridi ya kiyoyozi ilikuwa kali. Mama alivaa baibui na ndani yake dera jepesi, maana tulifungasha kwa joto la Chennai na joto la Dar, hakuna aliyefikiria baridi ya katikati. Nilikuwa na doti moja ya kanga mkobani, nikaipasua papo hapo kwa meno, kipande kikafunika mguu, kipande kikafunika mabega. Kushona ndiyo kazi yangu, na kanga ile niliikusudia kuikunja pindo nikifika nyumbani.

Kisha dawa. Mama alikuwa bado anachomwa sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande, kila siku usiku. Muuguzi wa Chennai alinifundisha: unabana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, unaingiza wima, unahesabu mpaka kumi. Nyumbani kwa mjukuu niliifanya kitandani, taa inawaka, mikono imeoshwa. Muscat niliifanya katika chumba cha kubadilishia watoto nepi, mama amesimama ameegemea ukuta, mimi nimepiga magoti, na mkono unanitetemeka kwa mara ya kwanza tangu nifundishwe. Aliyetengeneza safari hii alikuwa na habari ya mgonjwa. Hakuwa na habari ya sindano, hilo namsamehe, kwa kuwa sikumwambia.

Mnielewe kwa nini usiku ule ulinitisha. Daktari alitueleza kwamba hatari kubwa baada ya upasuaji wa goti ni damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu, hasa mtu akikaa kitako muda mrefu, na kwamba bonge la damu likichomoka likapanda mapafuni linaweza kuua. Ndiyo maana ya sindano, na soksi za kubana, na amri ya kuinuka kila baada ya saa moja kutembea kidogo na kuchezesha vifundo vya miguu. Safari ya angani tuliipangia hayo yote. Lakini ni safari ya saa nne, mapumziko, kisha nyingine ya saa tano na kitu. Hatukupanga saa nyingine 13 kwenye kiti. Nikaiweka simu ilie kila saa. Tundu za umeme za Oman ni za pini tatu nene kama zetu, chaja yangu ya Tanga ikaingia bila shida, na hilo tu ndilo lililokwenda sawa kwa saa tatu za mwanzo. Simu ikilia namwamsha, anainuka kwa magongo, tunakwenda hatua 30 na kurudi 30. Mara ya tatu akaniambia, "Mwanangu, niache nife hapa hapa nimekaa." Mama yangu si mtu wa kusema maneno hayo.

Nikauliza habari ya kulala. Kumbe ndani ya uwanja ule ipo hoteli, huhitaji hata visa kuingia humo. Nikaambiwa bei. Nilikuwa na dola 40 na rupia zilizobaki, na hazikutosha. Nikanunua chai ya maziwa na sambusa mbili, tukagawana, nikarudi kumpandisha mguu.

Ilipopita saa sita usiku nikakumbuka chumba cha kuswalia. Kilikuwepo cha wanawake, kina zulia nene, kimya. Mama hakuwa na uwezo wa kukaa chini akainuka peke yake, lakini nilimshikilia kwapani, akashuka polepole mpaka akalala chali, mguu juu ya begi. Akavuta pumzi akasema kwa sauti, "Yaa Rabi, goti langu." Kwa Kiswahili, kwa lafudhi yetu ya Tanga.

Mwanamke aliyekuwa kwenye kona, mtu mzima kama yeye, akageuka. "Mwatoka wapi nyinyi?" akauliza.

Wasomaji wanaoifahamu Oman hawatashangaa. Mimi nilishangaa mpaka nikasahau kumwamkia, ikabidi mama anikumbushe. Alikuwa mzaliwa wa Malindi, Unguja. Baba yake aliirudisha familia Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warejee. Miaka yote hiyo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alisema "bilauri" na "sufuria" na "kitwana" kama bibi yangu mzaa baba. Yeye mwenyewe alikuwa anangoja ndege ya kwenda India usiku huo, kwa matibabu ya macho. Akatoa halwa na tende kwenye mkoba. Akamuuliza mama habari za upasuaji, wakaanza kuonyeshana makovu, wakaulizana watu wa Tanga na watu wa Unguja mpaka wakapata jina moja wote wawili walilolijua, la mfanyabiashara wa karafuu aliyekufa zamani.

Nilipomsimulia ya saa tatu na saa nne alicheka kidogo, kisha akakasirika. "Saa ya Kiswahili haisemwi kavu," akaniambia. "Lazima uitaje na usiku wake au asubuhi yake. Hata mtoto anafundishwa hivyo." Akatueleza kwamba baba yake alisafiri na majahazi ya Sur, bandari ya huko Oman, na kwamba mabaharia wale wakijua kungoja: kaskazi ikianza kuvuma ndipo wanatweka tanga kuja kwetu, isipovuma hawatweki, na kila mwenye shehena anajua kabla hajapakia kwamba atakaa Sur kwa kiasi gani. Sijui kama alikusudia kutulinganisha. Mimi neno hilo la kujua kabla ya kupakia ndilo lililonikaa.

Kisha akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Baada ya muda akarudi na kijana wa huduma na kiti cha magurudumu. Alikwenda dawati la msaada, akazungumza kwa Kiarabu, basi. Huko mimi nilikuwa nimepita mara mbili nikaona aibu kuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikamfuata kijana dawatini. Akafungua safari yetu kwenye kompyuta akanigeuzia kioo. Akaonyesha sehemu moja: tupu. Akaandika herufi nne. Akaniambia sasa kesho mtu atakuja kumchukua mama yako mpaka mlangoni mwa ndege, na Dar kutakuwa na mtu mwingine anamngoja na kiti.

Mhariri, herufi nne. Nimejifunza baadaye kwamba ni alama zinazotumiwa na mashirika ya ndege dunia nzima. WCHR ni ya abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege ila hawezi mwendo mrefu. WCHS ni ya asiyeweza ngazi. WCHC ni ya asiyeweza kutembea kabisa, anabebwa mpaka kwenye kiti chake. Mashirika mengi huomba yaambiwe saa 48 kabla ya safari, na huduma yenyewe kwa kawaida haina malipo. Mwenye kukata tiketi anaziandika kwa dakika moja. Nimelipa nauli za watu wawili kwenda India na kurudi, na dakika hiyo sikuipata kwa kuwa sikujua iombwe, naye hakuuliza.

Yule bibi aliondoka saa nane usiku. Walikumbatiana na mama wakalia. Baada ya hapo mama alilala kwenye zulia mpaka alfajiri, nikimwamsha kila saa kuchezesha vifundo, na wanawake wengine walipoingia kuswali waliruka miguu yetu bila kunung'unika. Asubuhi mtu akaja na kiti kama tulivyoahidiwa. Dar vilevile. Lakini goti lilikuwa limevimba kiasi cha kunyoosha ngozi, na kwa siku nne nyumbani hakuweza kulikunja. Mazoezi yakarudi nyuma, na mtaalamu wa viungo wa hapa Tanga akatuuliza huyu alikaa wapi muda mrefu hivyo.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa wakala. Sikwenda kugombana. Nikamuuliza, ulijua? Akafungua rekodi, akakiri kwamba siku ile ilikuwepo njia nyingine ya kurudi, ya kuunganisha kwa saa mbili na nusu, iliyozidi Sh240,000 kwa sisi wote wawili. "Mama, wateja wanataka bei ndogo," akasema. Hakusema kwa kiburi. Ni kweli, wateja tunataka bei ndogo. Ila mimi sikuulizwa. Kaka yangu wa Mombasa, aliyechangia zaidi ya hiyo peke yake, alipigwa na butwaa kusikia tulikesha kwa ajili ya kiasi hicho. Tena kama ningejua kwamba tunalala Muscat, tungeitafuta hiyo hoteli ya ndani mapema na kuitia kwenye hesabu ya michango, au tungebeba blanketi, au ningeomba kiti. Yote yangewezekana kwa mtu aliyeambiwa.

Mteja wangu mmoja anayefanya kazi mahakamani alinifafanulia jambo ambalo wengi tunalichanganya. Ndege ikichelewa, upo Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imeuridhia, na chini yake mwenye ndege hubeba hasara iliyosababishwa na kuchelewa, isipokuwa akithibitisha kwamba alichukua hatua zote zilizowezekana. Lakini sisi ndege haikuchelewa hata dakika. Tulifika saa ile ile na kuondoka saa ile ile tuliyouziwa. Kungoja kulikoandikwa kwenye tiketi ni sehemu ya bidhaa uliyoinunua, hakuna wa kumdai. Mashirika mengine humpa abiria chumba akiwa na mapumziko marefu yaliyo katika tiketi moja, wengine hawampi, na masharti yanatofautiana, kwa hiyo wa kuyajua ni yule anayekata tiketi, na wakati wa kuyauliza ni kabla fedha haijatoka mkononi.

Ndiyo maana naelekeza ombi langu kwa mawakala. Nyinyi ndio Waswahili wa mwisho tunaoongea nao kabla hatujaingia kwenye kompyuta za Kiingereza. Mkimwambia mtu saa, mtajieni usiku au asubuhi, na mwambieni kwa hesabu: mtangoja saa 13. Iandikeni kwa kalamu juu ya karatasi yake, kwa Kiswahili, maana anayekwenda na mgonjwa ana mambo kumi kichwani na lililosemwa kwa mdomo litapotea au litageuka, kama langu lilivyogeuka. Mkiona mzee au mtu wa magongo, muulizeni kama anaweza ngazi. Na kama kuna njia fupi ya bei kubwa, itajeni, mtu akatae mwenyewe.

Kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, lililowekwa kwa ajili yetu abiria. Naliomba litengeneze karatasi moja ya Kiswahili, ya kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayokata tiketi mikoani, yenye hizo alama za viti na maswali ya kuuliza. Ofisi niliyokatia mimi ina picha nzuri ya mnara wa Dubai ukutani. Nafasi ya karatasi ipo.

Na nyinyi watoto mlio mbali, mnaowakatia wazazi tiketi kwa simu mkiwa Uingereza au Marekani au Doha: ile safari inayotokea juu kabisa kwa kuwa ni ya bei ndogo, ifungueni ndani mwone inalala wapi. Binamu yangu wa Leicester alikuwa amemkatia shangazi yake hivyo hivyo mwaka juzi. Shangazi alikaa usiku kucha kwenye kiti na hakumwambia mtu kwa sababu aliona haya kulalamika juu ya zawadi. Amesema mwezi huu tu, aliposikia ya mama.

Tunarudi Chennai mwakani, inshallah, kwa goti la kushoto. Tiketi bado hatujakata, lakini nimekwenda tena kwa kijana yule yule na tumekaa naye nusu saa nzima mbele ya kompyuta. Safari hii amenigeuzia kioo. Muscat tutafika saa moja na nusu asubuhi, tutaondoka saa nne kasoro robo, asubuhi hiyo hiyo, na mbele ya jina la mama ataweka WCHS. Nimeyaandika yote kwa mkono wangu nyuma ya daftari la vipimo, na mama amelisoma mara mbili.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga
(Jina langu nimeliacha kwa mhariri.)